Jasho Chini ya Nailoni

Asubuhi ya nne nilibandua ile nailoni sakafuni nikakuta matone yale yale. Nikatukana. Saruji ikiwa na unyevu huwezi kulaza mbao juu yake. Mbao hunywa maji, hufura, na siku moja huinuka katikati ya sebule. Ndiyo maana fundi hubandika kipande cha nailoni juu ya saruji, akaziba kingo kwa utepe, akangoja. Ikitoa jasho, anangoja tena. Nilikuwa nimechoka kungoja.

Nyumba ilikuwa Kibomet, Kitale, ya karani mmoja aitwaye Hiram. Alitaka kuhamia na mamake kabla ya Pasaka ya 2006. Vilima na mabonde ya sakafu nilikuwa nimeyasawazisha, na mbao za mvule zilikuwa zimepangwa varandani. Kazi hii niliihitaji kuliko Hiram. Mwaka uliotangulia sakafu yangu ya Kimilili iliinuka hadi mlango ukakataa kufunguka, na tangu hapo mafundi wa Bungoma wananiita Wekoye Mawimbi. Hii nayo ikiharibika, basi nishike jembe.

Ile ya Kimilili halikuwa kosa langu. Aliyepima unyevu ni Khaemba, mwenzangu wa miaka tisa. Nilimwita mzembe na kumfukuza mbele ya mwenye nyumba na majirani waliokuja kutazama. Sasa anauza mitumba Kanduyi.

Lakini hapa Kibomet hakukuwa na Khaemba wa kulaumu. Nililaumu mvua, nikalaumu mchanga, nikalaumu hata Mlima Elgon na ukungu wake.

Jioni hiyo nilikuwa nimeshafika stendi nilipokumbuka nimesahau pimamaji. Nikarudi nikinung'unika. Mlango ulikuwa wazi, na Mwihaki, mamake Hiram aliyekuwa akitunza funguo, alikuwa ameinama sebuleni na ndoo pembeni, anapiga deki.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si ni wewe uliniambia siku ya kwanza? Ati hutaki kuona hata vumbi kidogo hapa. Na ukasema na ukali, nikaogopa. Kila jioni ukienda naosha. Hiyo karatasi yako sijagusa, naizunguka tu."

Nilitaka kuipiga teke ile ndoo. Mguu ukasimama, kwa sababu nilimkumbuka Sally.

Sally alikuwa msichana wa kazi kule Kimilili. Khaemba alikuwa ameshapima, akasema sakafu imekauka, na alisema kweli. Tulikaa siku tatu tukisubiri mbao, nami nikamfokea Sally maneno haya haya ya vumbi. Siku mbao zilipofika alinipokea langoni mikono imeloa, akasema, "Nimeosha vizuri, fundi." Nikamjibu, "Hivyo ndivyo." Nyani haoni kundule.

Nilitoka nje nikampigia Khaemba.

"Nimempata mwenye aliharibu ile sakafu ya Kimilili."

Nyuma yake nilisikia wateja wakibishana juu ya koti.

"Ni nani?"

"Ni mimi, bana. Si wewe."

"Ulinifukuza watu wakiona, Wekoye. Kuja usemee hapa Kanduyi, watu wakisikia."

Akakata simu. Ndani, Mwihaki alikuwa anakamua kitambaa. Sakafu ingehitaji wiki nyingine kukauka, na Kanduyi si mbali.