Wiki ya Tatu ya Agosti

Mkutano wa viongozi wa kambi za vijana ulifanyika Julai, katika ukumbi wa kanisa moja hapa Kakamega mjini, na mvua ilianza kunyesha hata kabla ya sala ya kufungua. Mimi nilikuja na neno moja tu. Nilitaka kuwaambia kwamba Mwalimu Sylvanus, mume wangu, amefariki, lakini kambi yake haijafariki.

Kambi yetu iko Buyangu, karibu na msitu. Haina bwawa la kuogelea wala jukwaa la muziki. Watoto wetu ni wa wakata miwa, na wazazi wao hulipa kwa kulima shamba la kambi. Maharagwe wanayopanda ndiyo watoto wanayokula wiki nzima. Mahema ni ya Umoja wa Kambi. Hapo ndipo roho yangu ilikuwa juu juu, maana mahema ni yale yale, yanazunguka kambi hadi kambi, kila moja na wiki yake. Yetu ni wiki ya tatu ya Agosti tangu zamani. Ukikosa wiki umekosa mahema, na bila mahema utawalaza watoto wa watu wapi, mitini pamoja na nyani?

Mwenyekiti wa Umoja, Mchungaji Erastus, ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila mmoja siku ile alikuwa mtu mwema, ndiyo maana sikupata wa kugombana naye. Alianza na rambirambi. Tukasimama kimya. Akina mama wakanifunga leso mpya kiunoni, wakanikalisha mbele kwenye kiti chenye mto kana kwamba nimevunjika nyonga. Kisha mchungaji akasoma ratiba ya Agosti.

"Wiki ya tatu," akasema, "mahema yataenda Lugari, kambi ya Dada Jerotich. Watoto wa Buyangu watakaoweza kufika, atawapokea. Mama Maximilla, tumekutua mzigo. Bwana asifiwe!"

"Amina!" ukumbi mzima ukaitika. Watu wakanigeukia wakitabasamu.

Lugari! Mkata miwa atoe wapi nauli ya kumpeleka mtoto Lugari? Na hakuna aliyeniuliza. Walikaa, wakanihurumia, wakaomba, wakaizika kambi kando ya mume wangu, nami niko nyumbani napeta maharagwe.

Nikanyoosha mkono.

"Karibu, mama, utupe neno la shukrani," mchungaji akasema.

"Si shukrani." Wachache wakacheka, wakidhani natania, maana ulimi wangu wanaujua. "Mchungaji, mimi bado niko. Mpishi yuko, kuni ziko, maharagwe yameshavunwa. Hata Mwalimu alipokuwa mgonjwa..."

Sikupanga kuutaja ugonjwa. Njia nzima nilijiapia kwamba sitautaja. Lakini ulinitoka, na papo hapo nikamwona Sylvanus kitandani akiniuliza kama kamba za mahema zimekaguliwa. Nikaanza kulia. Nilihitaji kikombe cha maji na mtu wa kuningoja kidogo. Ningemaliza.

Lakini sisi hatungoji. Kwetu mtu akilia katikati ya ushuhuda haachwi peke yake na machozi yake. Mwenzake huanzisha pambio ili kumtia nguvu. Ni desturi nzuri, na nimeiona ikiwainua watu. Basi sauti ya mama mmoja ikapanda kutoka nyuma, ukumbi ukaipokea, makofi yakaanza, kayamba likatokea sijui wapi. Jerotich mwenyewe akaja akanikumbatia, analia kunishinda.

"Sijamaliza," nikamwambia sikioni.

Akanikaza zaidi. "Najua, mama. Najua."

Hakujua chochote. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba mikono yangu nayo ilikuwa inapiga makofi. Imezoea miaka yote. Pambio likianza, inapiga.

Waliimba mpaka macho yangu yakakauka. Pambio lilipokwisha, mchungaji akaomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu anayejua kuachilia. Watu wakasema amina, na kwa amina hiyo wiki ya tatu ikawa imekwenda. Tukaitwa kula.

Nilimfuata Mchungaji Erastus na sahani yangu mkononi.

"Mchungaji, pale sikuwa nimemaliza kusema."

"Mama, pumzika. Sisi tunakuombeanga kila siku. Hii mwaka usijisumbue."

"Na mwaka ujao?"

"Mungu atafungua njia," akasema, akaniwekea paja zima la ingokho juu ya obusuma, ugali wangu. Nililichukia lile paja la kuku, na nililila lote, kwa sababu watu walikuwa wananitazama kwa upendo.

Kwetu Buyangu mvua haikuwa imefika. Navalayo, mama anayepikia kambi tangu ilipoanza, alikuwa uani kwangu, amesambaza maharagwe ya kambi juu ya turubai ili yapate jua lililobaki. Aliponiona akasimama, ungo mkononi.

"Umerudi, mama. Si wametupatia ile wiki yetu? Wazazi wananiulizanga hapa kila siku."

Nikafungua mdomo, machozi yakatangulia. Navalayo akaweka ungo chini. Akafumba macho, akaanza pambio lile lile, taratibu, peke yake, huku akipiga makofi kwa viganja vyenye vumbi la maharagwe.

Nikamziba mdomo kwa mkono. Ni mkubwa kwangu kwa umri, na sijawahi kumgusa hivyo.

"Usiimbe," nikamwambia. "Nakusihi, Navalayo, usiimbe. Nisikilize."

Akanyamaza. Nikalia, akangoja. Nikapenga kamasi kwa ile leso mpya, akangoja. Nikamweleza yote mpaka mwisho. Kisha akainama, akaanza kulikunja turubai kutoka pembeni, akaniuliza haya maharagwe ya wazazi tutawarudishiaje.