Mstari Uliofumwa Getini

Mama Sweta, aliyepewa jina hilo na majirani kwa sababu ya sare za shule alizofuma miaka mingi, alikuwa ameketi kibarazani na sindano zake mbili, akimtazama mwanawe akizunguka ua mithili ya kuku ambaye mfugaji amesahau kumfungulia.

Asubuhi ile rimoti ya geti ilikuwa imemponyoka mwanawe mkononi na kuzama katika ndoo ya maji ya kuoshea gari. Rimoti ya pili ilikuwa safarini, mkobani mwa mke wake aliyekwenda mbali kikazi. Ufunguo wa kulifungua geti kwa mkono ulipotea tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Ule mlango mdogo wa pembeni nao ulikuwa umechomelewa. Mwanawe ndiye aliyeagiza uchomelewe, baada ya mama kuanguka barabarani. "Ni kwa usalama wako, Mama," alisema siku ile, na tangu siku ile mama hakuivuka kamwe njia ya geti kwa miguu yake.

"Nimefungiwa!" mwana alifoka. "Mtu mzima, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimefungiwa! Watu wananisubiri kazini!"

"Pole, mwanangu," mama akamjibu bila kuinua macho. "Utazoea."

Mwana alimtupia jicho, asijue kama ule ulikuwa utani. Mama mwenyewe hakuwa na hakika.

Skafu aliyokuwa akiifuma ilikuwa ya dada yake mkubwa, mgonjwa wa kitandani aliyeishi mtaa wa nyuma tu, karibu kiasi kwamba wakikaanga vitunguu kule, huku mtu hupiga chafya. Kila Jumapili mwanawe aliahidi kumpeleka, na kila Jumapili ikazaa udhuru wake. "Siku moja utanizika kupitia matundu ya hilo geti," dada alimwambia kwenye simu juzi, akacheka, kisha akakohoa mpaka simu ikakatika. Mama Sweta alijua kikohozi cha namna ile hakingojei Jumapili nyingi.

Fundi wa mageti alifika na mkoba wake begani, akasimama nje ya vyuma.

"Haya bosi, nipitishie marehemu tumwone."

Mwana akaipenyeza rimoti iliyolowa. Fundi akaifungua mgongo kwa bisibisi, akaipuliza.

"Huyu kazikwa na maji kabisa. Ila kaacha wosia." Akaionyesha kupitia vyuma. "Unaona hivi vijiswichi, vidogo kama meno ya mtoto? Kimoja kiko juu, kingine chini. Geti la zamani kama hili halijali rangi ya rimoti wala umbo lake. Linataka vitu viwili tu: namba ya masafa iliyoandikwa hapa nyuma, na meno yakae hivihivi."

"Namba? Mimi mara ya kwanza nilinunua inayofanana nayo kama pacha, ikakataa. Nikanunua nyingine yenye namba hiyohiyo, ikakataa vilevile!"

"Hiyo ya pili, meno uliyapanga?"

"Meno gani tena?"

Fundi akacheka hadi mkoba ukamteleza begani. "Bosi, umenunua kufuli zima ukalilaumu kwa kukosa ufunguo! Iko wapi nikupangie? Bure kabisa."

"Niliitupa zamani."

Sindano za Mama Sweta zikasimama. Ni kweli mwanawe aliitupa; lakini yeye aliiokota, akaiweka katika kopo la vifungo, kwa kuwa hakulelewa kutupa kitu kizima. Ulimi ulimwasha. Angeweza kusema. Badala yake akavuta uzi.

Fundi akatoa rimoti mpya mkobani, akaanza kuipanga huku akijisomea kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: "Juu, juu, chini... juu... chini, chini, chini, juu." Kibarazani, mama alikuwa ameanza mstari mpya. Penye juu alifuma mshono laini; penye chini alifuma mshono wa kinundu. Fundi alipomaliza, naye alikuwa amemaliza.

Geti likanguruma, likafunguka. Mwana akashusha pumzi kama aliyetolewa kisimani.

"Ila mtambo huu umezeeka, bosi," fundi akasema. "Nikubadilishie kile kisanduku cha kupokelea mawimbi ya rimoti, uachane na meno haya. Utafungua kwa simu ukiwa hukohuko kazini. Kila rimoti inaandikishwa kwa jina lake, na usiyemtaka unamfuta."

"Nitaona pia nani kafungua?"

"Mpaka dakika yake."

"Njoo nacho Jumatatu."

Mama akayasikia yale akahisi ukuta wa ua umesogea. Sasa ungepewa na macho.

"Pumzika, Mama," mwana akamwambia akiingia garini. "Jumapili nitakupeleka kwa Mama Mkubwa."

"Jumapili ipi?"

Kioo cha gari kilikuwa kimekwisha kupanda. Geti likajifunga.

Hakupoteza wakati. Alilimwaga kopo la vifungo mezani, akaibandua rimoti mgongo kwa ncha ya kisu, akaikunjua skafu kando yake. Akausoma ule mstari kutoka kushoto, kama asomavyo barua, akiyasogeza meno moja baada ya jingine. Akatoka uani, akabonyeza. Taa ndogo nyekundu iliwaka, lakini geti lilimtazama tu. Akabonyeza tena. Kimya. Machozi yakamlenga, akajiona mpumbavu, kikongwe achezeaye vyuma vya watu.

Hapo ndipo vidole vilipomkumbusha kile ambacho macho yalikisahau: mfumaji huanza mstari kulia. Aliusoma kinyumenyume!

Akayapanga meno upya, akiusoma mstari kuanzia kulia. Geti likanguruma kwa ajili yake.

Alisimama kitambo mbele ya uwazi ule. Barabara ilionekana pana kuliko alivyoiacha. Kisha akatoka, akiushikilia ukuta wa kila jirani hadi mlangoni kwa dada yake.

"Ala! Mfungwa!" dada alisema kutoka kitandani, sauti ikiwa nyembamba kama uzi. "Umeruka ukuta?"

"Nimepita getini kama mwenye nyumba."

Walishikana mikono. Baadaye dada akaipapasa skafu, kidole kikakwama. "Hapa umekosea mstari, mdogo wangu. Uzee huo."

"Sikukosea."

Simu ikalia. "Mama! Nimerudi, hupo! Nani kakufungulia?"

"Wewe, mwanangu. Uliinunua mwenyewe, ukaitupa, mimi nikaiokota. Fundi akija Jumatatu, mwambie rimoti ni tatu, na ya tatu ina jina langu."

"Tutaongea ukirudi," mwana akasema, kwa maneno yaleyale aliyoambiwa na mama alipokuwa mtoto, kila mara jibu lilipokuwa hapana.

Mama Sweta akaiweka simu kifudifudi, akazichukua sindano. Laini, laini, kinundu.

"Unarudia kosa?" dada akauliza, kidole kikifuata mstari, macho yakiwa yamefumbwa.

"Narudia," akajibu. Jumatatu mstari ule usingefungua tena kitu chochote duniani. Aliufuma vilevile, polepole, bila kuutazama mlango.