Mafundi Sita Uani

Mtu akija karakanani kwako na faili, akakataa kiti na kuanza kuhesabu mashine kwa macho, huyo hajaja kununua geti. Machale yalinicheza mara moja. Nikawakonyeza mafundi wangu sita, wakajipenyeza uani, mdogo wangu akiwa wa mwisho na miwani ya kuchomelea bado usoni.

"Natoka ofisi ya biashara, kaka," alisema yule dada. "Kiwanda cha mabomba cha hapa nchini kinaomba mabomba ya nje yaongezewe ushuru. Kabla ya kuamua, tunapima nani atafaidika na nani ataumia. Nyinyi mnaoyatumia mna la kusema."

Maneno matamu hayo. Tangu lini serikali ikaniuliza mimi nitaumia wapi? Nikaona hii ni kodi iliyovaa gauni.

"Una mafundi wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Mabomba mangapi kwa mwezi?"

"Kumi. Mwezi ukiwa mzuri, kumi na mbili."

Akatazama rundo ukutani. "Na yale?"

"Ya jirani. Namhifadhia."

Mke wangu, anayepokea oda, akanivuta pembeni. "Mume wangu, mwambie ukweli. Anauliza kwa faida yetu."

"Wewe ni mwepesi wa kuamini," nikamjibu, nikaenda kuweka sahihi kwenye fomu ya majibu yangu. Kisha nikawapigia simu mafundi wenzangu wa mtaa mzima kuwatahadharisha, nao wakajibu vilevile. Siku hiyo nilijiona mjanja kweli.

Miezi mitatu baadaye ushuru ukapita. Mabomba ya nje yakapanda kwa theluthi, ya kiwanda yakayafuata wiki hiyohiyo, na wateja wakahamia mageti ya mbao. Nilikwenda ofisini kwa yule dada nimefura. Akanifungulia ripoti bila kubishana: mafundi wa mtaa wetu hufanya kazi mmojammoja, mabomba yao ni machache, hakuna atakayepoteza kibarua.

"Ni maneno yenu, kaka. Sikuongeza hata nukta."

Hata hapo bado nilimtafutia hila, nisiipate. Makaa nilijipalia mwenyewe.

Jumamosi niliwaachisha kazi watano. Mdogo wangu, wa sita, nilimweka mwisho, nikamweleza habari za ushuru na kiwanda, nikamwonyesha na bei mpya. Alisikiliza huku akikunja ovaroli yake.

"Kaka," aliuliza, "hao waliopima nani ataumia, mbona hapa kwetu hawakufika?"

"Hawakufika," nikamjibu.