Lango la Kinamasi

Kila asubuhi Mama Lango alipanda tuta na kopo lake la grisi, akapaka meno ya gurudumu la kufungulia lango la maji, akalizungusha kidogo mbele na nyuma lisije likashika kutu. Kazi ilikuwa ya mumewe. Tangu mwanamume huyo ateleze tutani na kuvunjika mgongo, alikuwa mtu wa kitandani kule bondeni, na mkewe akaishika kazi kimyakimya. Mshahara uliendelea kutoka kwa jina la mume, na ofisi ikajifanya haioni.

Asubuhi hiyo, mvua ikiwa haijakatika tangu jana, alikuta gurudumu limefungwa kwa mnyororo na kufuli jipya.

Alilivuta kufuli. Akalivuta tena. Maji mekundu yalikuwa yamebakiza kiganja tu kufika ukingo wa tuta. Upande wa kulia, lilikoelekea lango, kulikuwa na kinamasi, matete na tope ambavyo kila masika vilipokea maji ya milimani na kuyanywa taratibu. Sasa kifusi kilikuwa kimemwagwa humo, na juu ya kifusi zilisimama nyumba mpya za vigae na kuta nyeupe. Lango likifunguliwa, maji yangeingia kwenye sebule zile. Lisipofunguliwa yangepita juu, na tuta la udongo likishapitiwa juu halisimami. Chini yake ulikuwa mtaa wao. Hilo lilijulikana kwa kila mtu, ofisini na mtaani.

Kibandani alikaa Buti, mlinzi wa kampuni, kijana wa mtaani kwao aliyemwita shangazi tangu utotoni. Alikuwa anakunywa chai.

Mama Lango alimwomba ufunguo. Buti akacheka kidogo, akasema ufunguo anao meneja wa ofisi, na kwamba maji yenyewe hayana haraka kama shangazi. Akamwomba basi ampigie huyo meneja. Buti alipiga, akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kisha akasema wasubiri maelekezo, hatua zote zinachukuliwa kwa usalama wa wananchi.

"Na mama yako?" Mama Lango aliuliza. "Si yuko huko huko chini?"

Buti alitazama ndani ya kikombe.

"Nilimhamisha juzi," akasema.

Mvua ilipiga bati la kibanda. Mama Lango alimwangalia kijana yule usoni mpaka akageuka.

Kando ya kibanda kilining'inia kipande cha reli, na nyundo yake imechomekwa ukutani. Alikuwa ameshainyakua kabla Buti hajainuka. Akapiga. Hakuwa na sauti nyingine ya kufika bondeni.

"Acha, shangazi."

Akapiga. Rungu la Buti lilimpata begani, akapepesuka, akapiga. La pili lilishuka kwenye vidole vilivyoshika nyundo, navyo vikavunjika kama vijiti vya kuwashia moto. Nyundo ikaanguka. Buti alimkaba shingo kwa mkono, Mama Lango akaung'ata mkono ule mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, na kijana akalia kwa sauti ya mtoto. Yeye akaiokota nyundo kwa mkono wa kushoto, damu ya Buti ikimchuruzika kidevuni, akapiga tena, na tena.

Aliweza kuwaona. Watu wa mtaa walikuwa wameshatoka na mafurushi yao, wanalitazama tuta. Wanaume wanne walikuwa wamembeba mtu juu ya mlango uliong'olewa, na kwa lile blanketi la kijani alijua ni mumewe. Chuma kilipolia walisimama. Mmoja akainua kichwa kusikiliza.

Ndipo akili ikamrudia. Chuma kile kilikuwa kikipigwa lango linapofunguliwa, ili wakata matete watoke kinamasini. Na miaka yote, bondeni, kilipolia, watu walijua maji yameshapata njia. Yeye mwenyewe alikuwa akikisikia, anavuta shuka, anamwambia mumewe, haya, tulale.

Wale wanne waligeuka. Walikuwa waangalifu, walimwinamisha mlangoni pa nyumba ili mgongo usigonge kizingiti, wakaingia naye. Mafurushi yakarudishwa. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Alipiga kelele hadi koo likachanika. Mvua ilizimeza zote.

Maji yalianza kupita juu ya tuta kama utepe mwembamba. Utepe ukapanuka, udongo ukatoka kwa mapande, na Buti akakimbia upande wa juu akiushikilia mkono wake. Kisha katikati ya tuta haikuwepo. Lililoshuka bondeni halikufanana na maji. Lilikuwa ukuta wa tope na miti, na lilipofika kwenye nyumba ya kwanza halikupunguza mwendo. Mabati yaliruka. Mtu alionekana juu ya paa, na paa likajikunja naye. Jikoni kwa jirani moshi ulikuwa bado unatoka.

Mchana meneja alimkuta ameketi juu ya kipande cha tuta kilichobaki, mkono umevimba, grisi na damu vimeshikana. Alimfunika kwa mwavuli wake, yeye mwenyewe akalowa. Alimpa pole nyingi. Akamweleza kwa upole kwamba lango lilikwama kwa kutu, kwa kuwa kazi ilifanywa na mtu asiyeajiriwa, na kwamba akikubali hivyo hakuna atakayemshitaki, na ofisi itamsaidia mazishi, mwili ukipatikana.

"Mnyororo ulikuwa wa nini?"

"Ulikuwa wa usalama, mama yangu."

"Wa nani?"

Meneja alitazama kuta nyeupe. Kwenye roshani moja mwanamke alikuwa anakung'uta zulia. Meneja akakaa juu ya udongo kando yake na suruali yake safi, mwavuli bado ukiwa juu ya kichwa cha Mama Lango.

"Ilikuwa lazima maji yapite mahali," alisema. "Tukakaa kikao. Tukaona afadhali yapite kwenu."