Mpira Ulionyooka

Asubuhi ile Yoelmi Encarnación aliingia uwanja wa besiboli wa Consuelo na hakumwomba baraka padrino wake, yaani baba yake wa ubatizo. Watu wote waliona. Kwao, hata mkiwa mmegombana mpaka mkarushiana viti, ukimkuta padrino wako unasema kwanza, "Nibariki," naye anajibu, "Mungu akubariki," ndipo mnaendelea na ugomvi wenu. Yoelmi alimpita kama anayepita nguzo ya umeme.

"Siku hizi tumekuwa wakubwa, eti?" padrino huyo, Chago Brazobán, alimuuliza mbele za watu, akicheka.

Chago ndiye aliyemnoa tangu utotoni, akamuuza kwa klabu ya Marekani akiwa na miaka kumi na sita, akachukua fungu lake. Mtaa mzima ukamwita Milioni. Sasa ana ishirini na miwili, na klabu imemrudisha nyumbani na neno moja tu: ajifunze kuupiga mpira unaopinda hewani, la sivyo asirudi. Ulionyooka aliupiga mpaka warushaji wa kule wakamwogopa. Kisha wakamjua. Tangu hapo wanamrushia wa kupinda tu, naye anapiga hewa tu.

Tangu Novemba alikuwa akimwandama Chago: padrino, nifundishe unaopinda. Chago anasema kesho, halafu anamrushia ulionyooka. Kesho yake, ulionyooka tena. Hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku hiyo ilikuwa ya maonyesho ya wavulana anaowanoa Chago sasa. Wanunuzi wa klabu walikaa kivulini na saa zao za kupimia mbio. Akina mama wa wavulana walikaa juani. Mnunuzi mmoja, Liriano, alikuwa wa klabu ya Yoelmi mwenyewe.

"Huyu mnamjua," Chago alitangaza. "Mikono hii ndiyo iliyompika. Milioni, hebu waonyeshe!"

Chago akarusha, Yoelmi akapiga kwa gongo lake. Mpira ukavuka uzio ukazama kwenye miwa. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kadiri watu walivyopiga makofi ndivyo damu ilivyozidi kumchemka. Mechi gani duniani inachezwa hivi? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa ndipo kilipokuwa kikitembezwa.

"Nene!" alimwita mwendesha pikipiki aliyeegemea uzio, ambaye mkono wake wa kushoto ulijulikana mji mzima. "Njoo unirushie wewe. Wa kupinda."

"Usifanye hivyo leo," Chago alimnong'oneza. "Liriano yupo."

"Najua yupo. Na aone."

Nene aliangalia huku na huku, akatema kipande cha muwa, akarusha. Mpira ulikuja vizuri, kisha ukadondoka, na gongo likapita juu yake. Wa pili vilevile. Wa tatu Yoelmi aliufyatukia kwa nguvu zote, akaishia magoti vumbini. Kuna aliyecheka.

Liriano alisimama, akavaa kofia. "Nilikuwa niwaambie klabuni wakungoje mpaka Machi, mazoezi yakianza," alisema, tena bila ubaya. "Umenipunguzia kazi, kijana."

Basi, imekwisha. Hasira hasara, wanasema, na hasara hiyo Yoelmi aliiona kwa macho yake, lakini hasira haikupungua hata chembe. Alimgeukia Chago.

"Waambie kwa nini siwezi! Miaka yote ile hukunirushia wa kupinda hata mmoja!"

"Kwa sababu haununuliwi!" Chago naye alipandwa. "Ningekufundisha unaopinda ungekosa nusu ya mipira, na nani angenunua mtoto anayekosa? Mama yako angekuwa mpaka leo anakinga mvua kwa masufuria. Nilikufundisha kununuliwa, mshenzi we! Kucheza nilidhani watakufundisha wenyewe."

Kilichomuuma Yoelmi ni kwamba mzee hakusema uongo. Akawageukia akina mama. "Mmesikia? Ndicho anachowafundisha wanenu. Wachukueni mwende nyumbani!"

Hakuna aliyenyanyuka. Mama mmoja mnene, rola za nywele zimemjaa kichwani, alimuuliza:

"Ulinunuliwa, hukununuliwa?"

"Nilinunuliwa."

"Mama yako ulimjengea nyumba?"

"Nilimjengea, mama, lakini nisikilize—"

"Ya bloku?"

"Ya bloku."

"Basi toka hapo, baba. Wa kwangu ndiye anafuata."

Yoelmi alitamani kulivunja lile gongo gotini. Lakini mtoto wa yule mama alikuwa ameshafika, mrefu, mwembamba, akanyoosha mikono miwili kwa adabu na kuliomba, kwa kuwa lilikuwa gongo zuri la Marekani. Yoelmi akampa, akasogea pembeni.

Chago aliokota mpira, akarusha. Ulionyooka. Mtoto aliupiga hadi ndani ya miwa, na mama yake akapanda juu ya benchi, rola zikimdondoka, akiliita jina la mwanawe kwa furaha.