Dohani ya Nyumba Mbili

Tangu Emérence ahamie nyumba ya pili, akitokea Louisville na kupitia Columbus, Mzee Rudasingwa alimheshimu kwa kila jambo isipokuwa kinu. Kila Jumamosi mama huyo alitwanga sombe, majani ya muhogo, jikoni, twa! twa!, na ufa ulipotokea ghorofani kwa Emérence, kwenye ukuta wa nyumba zote mbili, mzee hakusita kumfundisha: nyumba hizi za Buffalo zimeshikana, ukigonga huku unatikisa kule. Emérence akaomba radhi mbele ya wazee wa kanisa, kinu akakifunga ndani ya gunia.

Hiyo ilikuwa Machi. Mei, katika darasa la jioni la majengo alilosoma mzee, mwalimu alionyesha picha ya nyumba za kale za Uingereza, kumi na mbili mfululizo zikiikabili bahari, lipu nyeupe, madirisha yamebenuka kama vifua vya wenye cheo.

"Zinajidai," alisema mwalimu, "lakini kila moja inamwegemea jirani."

Akaeleza dohani, bomba la matofali la kutolea moshi: moja kwa nyumba mbili, nusu huku, nusu kule. Ukibomoa meko ya upande mmoja, matofali ya juu hubaki yakining'inia.

Kalamu ikamdondoka mzee. Februari alikuwa amebomoa meko ya chumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe, apate nafasi ya rafu ya vitabu. Na upande wa pili, chini ya ule ufa, ndipo walipolala watoto watatu wa Emérence, Isimbi na wadogo zake.

Ndani ya basi alijitetea: kinu nacho kilitikisa. Kila kituo utetezi ulipungua. Alipofika alibisha kwa jirani kabla ya kufika kwake.

"Mama Isimbi, watoto wasilale chumba kile leo. Ufa si wa kinu. Ni wangu."

Akamweleza yote, bila kupunguza.

"Donc, yaani miezi miwili miye nakula sombe ya friji ya dukani," Emérence alisema, "nakuomba radhi, na weye unaitika 'Mungu akusamehe'?"

"Niliitika."

"Na vitabu vyote vile, Mzee!"

Wakashusha magodoro pamoja. Mzee alipogeukia mlango, Emérence akauziba kwa mwili wake.

"Bado. Pigia watu wa dharura wa mji. Hapa hapa, nisikie."

Sauti ya kike kwenye simu ikauliza nani aliyebomoa. Rudasingwa akalitaja jina lake herufi moja moja, na Emérence hakumwondolea macho mpaka ile ya mwisho.