Marehemu Wanne wa Barazani

Habari za kufa kwa Shangazi zililetwa barazani saa tatu asubuhi, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyezipokea, pasi mkononi, suruali ya mteja ikitoa mvuke mbele yake. Mleta habari alikuwa afisa wa mpango wa kuinua uchumi kwa teknolojia, bwana mchangamfu aliyevaa kitambulisho shingoni hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Hakuja kwa ajili ya msiba. Alikuja kumpongeza Mama Pacha, binti wa kaka yake Shangazi, aliyeshonea kwenye meza ya pili kutoka mlangoni.

"Hongera sana, mama. Katika kata hii nzima, biashara yako ndiyo iliyofanya vizuri kuliko zote. Hawa wenzako wanne, kwa bahati mbaya, wamekufa."

"Tumekufa lini?" aliuliza Kipara, fundi wa suruali, bila kuacha kukanyaga cherehani.

Afisa akatelezesha kidole kwenye kishikwambi chake. "Tarehe tatu mwezi uliopita, mzee wangu. Wote wanne siku moja."

"Basi zile kaptula za shule nilizoshona tarehe kumi na mbili, alizishona nani?"

"Mama Pacha. Zimeandikwa hapa."

Dada Zipu, ambaye hakuna zipu iliyowahi kumshinda, alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Bwana Suti hakucheka. Alikuwa amefunga tai, kama kila siku, na hakupenda kuambiwa amekufa akiwa nadhifu kiasi kile. Mama Pacha ndiye aliyeingiwa na baridi, maana alijua vizuri jinsi wenzake walivyokufa, na alijua kwamba mkono wake umo.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma, uchumi ulipolala chali. Maduka yalifungwa, watu wakawa wanageuza kola zilizochakaa badala ya kununua shati, na pale barazani mafundi watano walishinda wakitazamana. Ndipo serikali ikasema itauinua uchumi kwa dijitali. Minara ikasimamishwa, nyaya zikafukiwa barabarani, na kila fundi aliyekuwa kwenye daftari la kata akagawiwa kishikwambi ili apokee kazi kupitia mfumo. Serikali yenyewe ikawa mteja wa kwanza: sare zote za shule za umma zingeagizwa humo. Na tuseme haki, wazo halikuwa baya. Baya lilikuwa kwamba aliyelibuni hakuwahi kukaa barazani.

Barazani pale palikuwa na utaratibu wake, mkongwe kuliko cherehani zote. Mafundi walikuwa watano, futi ya kupimia ilikuwa moja. Aliyeivaa shingoni ndiye mwenye zamu, na mteja aliyepanda ngazi alikuwa wake, awe ameleta kazi ya suti au ya kifungo. Akishampima, anamvisha futi mwenzake wa pembeni. Kazi ikimshinda au ikimlemea, anaigawa. Mteja hakuwa wa fundi, alikuwa wa baraza. Ndiyo maana katika ile miaka miwili ya njaa hakuna aliyeshiba peke yake, na hakuna aliyelala bila kitu.

Mfumo haukuwa na futi. Ulikuwa na picha. Wiki ya kwanza wateja wote walimchagua Bwana Suti kwa sababu picha yake ilikuwa na tai, na wengine wanne wakashika tama. Wa kwanza kulalamika alikuwa Bwana Suti mwenyewe. "Jamani, mimi siwezi kula huku mnanitazama," alisema. "Chakula hakipiti."

Wakakaa kikao. Shangazi, kama mkubwa wa baraza, akaongoza. Ikaamuliwa kwamba kazi zote ziingie kwa kishikwambi kimoja, kisha zigawanywe kwa futi, kama ilivyokuwa tangu zamani. Kikachaguliwa cha Mama Pacha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi; wanawe pacha walikuwa wamemfundisha. Vingine vinne vikapewa kazi za kufaa. Kipara alikifanya cha kwake ubao wa kuchorea chaki. Dada Zipu alikitumia kama kioo. Cha Bwana Suti kilifungiwa kwenye mfuko wake wa suti, kisipate vumbi. Shangazi alikiweka chake juu ya karatasi zake za kukatia nguo, upepo usizipeperushe, na akakisifu kwamba kwa uzito wake kinashinda jiwe.

Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu kwa macho ya baraza halikuwapo. Mama Pacha alikuwa mlango tu. Lakini mfumo haujui mlango, unajua mtu, na kwenye mfumo Mama Pacha alikuwa mwanamke mmoja aliyeshona sare arobaini na sita kwa siku, huku akikata suti mbili, akibadili zipu kumi na tatu na kupiga pasi zote. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza huyu mama ana mikono mingapi. Mfumo ulimpa nyota tano. Wale wanne, vishikwambi vyao vilipotimiza siku tisini bila kupokea kazi, ukawazika kimyakimya.

Kuzikwa huko kusingekuwa na neno kama si barua aliyoileta afisa siku ile ile, baada ya kumaliza pongezi. Baraza lilikuwa la jengo la umma. Barua ilisema nafasi zimetengwa kwa biashara hai na kwa wanafunzi wa mpango, na meza za biashara zilizokufa ziondolewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Shangazi akaomba asomewe mara mbili. Alikuwa na miaka thelathini na moja mahali pale. Pale ndipo alipompokea Mama Pacha akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, siku chache baada ya kumzika baba yake, akamweka kwenye kigoda na kumfundisha kazi: kukata, kuunga, kupinda, kutega mfuko. Kila alichokijua Mama Pacha kilitoka kwenye mikono ile. Sasa mikono ile ilikuwa ikiambiwa ibebe meza yake iondoke, kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa ameshona mno.

"Baba, kuna kosa," Mama Pacha akamwambia afisa. "Mimi sishoni peke yangu. Tunashona sote watano. Hizo kazi ni zetu sote."

Afisa akatabasamu, meno yote nje. "Unaona? Huo ndio moyo tunaoutaka. Siku ya sherehe ya kukupa cheti useme hivyo hivyo, mkurugenzi wa manispaa atafurahi."

"Sisemi kwa ajili ya sherehe. Nasema ndivyo ilivyo."

"Hivyo hivyo, mama. Usiongeze wala usipunguze."

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa manispaa, viti mia mbili vilivyovikwa vitambaa vyeupe, ambavyo Kipara alivishona kwa siku mbili na mfumo ukaandika kwamba ni Mama Pacha. Usiku uliotangulia Mama Pacha alikuwa ameomba ushauri kwa Shangazi. Masharti yalisema wazi kwamba anayempa kazi mtu asiye hai kwenye mfumo anafutwa. Akisema kweli, kazi ya sare za shule inaweza kupotea, na wote watano wakarudi kutazamana. Akinyamaza, baraza linabaki na meza moja. Shangazi alimjibu kwa ufupi. "Sema. Njaa tunaijua. Aibu hatujaizoea."

Basi akasema. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akaeleza kila kitu tangu mwanzo: futi moja, kikao, kishikwambi kimoja, wenzake wanne. Alisema waziwazi kwamba yeye si fundi bora wa kata, kwamba hata barazani kwake angekuwa wa tatu, labda wa nne Bwana Suti akiwa hajachoka. Kisha akawanyooshea kidole pale walipokaa nyuma. "Wale pale. Hawakufa. Simameni wawaone."

Wakasimama. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alitoa leso akajifuta machozi.

"Ndugu zangu," alisema mkurugenzi, akimshika Mama Pacha bega, "mmesikia unyenyekevu? Mtu amefanikiwa, lakini hajawasahau wenzake walioshindwa. Amewaleta mpaka hapa!" Makofi tena. Kipara, aliyekuwa bado amesimama, akapigiwa makofi yake peke yake kwa kuwa alionekana ameshindwa zaidi.

Mama Pacha alirudi kitini na cheti mkononi, ameduwaa. Maishani mwake alikuwa amewahi kusema uwongo mdogo mdogo, wa kumwambia mteja njoo kesho, na wote uliaminiwa. Leo amesema kweli tupu, imevikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu mia mbili.

Alimfuata afisa kwenye korido na kumng'ang'ania mpaka akamsikiliza. Safari hii afisa alielewa, na ile furaha ikamwisha usoni. Akamvuta kando, karibu na ngazi.

"Mama, nimekuelewa. Lakini tazama. Nikisahihisha, wewe utakuwa umedanganya, mimi nitakuwa sikukagua, na mkurugenzi atakuwa amempa cheti mtu asiyekuwapo. Mpango wenyewe unaweza kufungwa. Tutakuwa tumemsaidia nani?"

"Shangazi yangu."

Afisa akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na kwa sababu hiyo alikuwa mgumu kumkasirikia. "Iko njia. Mfumo hauwezi kumrudisha aliyekufa. Lakini unaweza kumpokea mpya. Tuna mafunzo ya ushonaji kwa wasiojua kitu. Mwanafunzi anaruhusiwa meza barazani miezi sita, akihitimu anaandikishwa upya. Kila kata inatakiwa kuwa na mwalimu wake, fundi mwenye nyota tano." Akakitazama cheti mkononi mwake. "Katika kata hii yupo mmoja tu."

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, mafunzo yakaanza pale pale, kwenye meza zile zile. Kipara alikuja na daftari jipya kwa kufanya masihara. Dada Zipu aliinua mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Bwana Suti alijibu kwa heshima kwamba kifaa anachoonyeshwa kinaitwa mkasi. Afisa alipiga picha, na kwa muda mambo yalikuwa kama mchezo, mpaka Mama Pacha mwenyewe akaanza kucheka. Watatu hao wakapita majaribio ya kwanza, wakarudi kwenye kazi za watu.

Akabaki Shangazi. Kishikwambi kilimletea kila mwanafunzi maswali yake, na la kwanza kwa Shangazi lilikuwa kama mwanafunzi anaweza kutia uzi kwenye sindano bila kusaidiwa.

Hapo kicheko kikakatika. Macho ya Shangazi yalikuwa yamekwisha. Kwa miaka minne sasa Mama Pacha alikuwa akiwahi kufika, anamtilia uzi sindano zote za siku na kuzichomeka kwenye mto wake, na Shangazi akija anazikuta, na hakuna kati yao aliyewahi kulitaja jambo hilo. Sasa Shangazi alichukua sindano mbele ya wote. Akalamba ncha ya uzi. Akakosa. Akalamba tena, akainua mikono kwenye mwanga, akakosa. Cherehani zote zikanyamaza. Afisa, Mungu amjalie, akakumbuka kwamba hajaifunga pikipiki yake, akashuka ngazi.

"Andika siwezi," alisema Shangazi. "Ni kweli, siwezi."

Mama Pacha akabonyeza *ndiyo, anaweza*. Kishikwambi hakikuwa na shaka yoyote, kikaleta swali la pili. Alilisoma kimoyomoyo, uso ukamparama.

"Kinauliza nini?"

"Si kitu, Shangazi."

"Nisomee. Mwalimu humsomea mwanafunzi."

"Kinauliza..." Akakiinamia kishikwambi. "Kinauliza ulikuwa unajua kushona kiasi gani kabla sijakufundisha."

Shangazi aliiweka sindano mezani, sambamba na ukingo, kwa uangalifu ule ule aliouweka kwenye kila kitu maisha yake yote.

"Na wanataka jibu gani, ili meza ibaki?"

"Kwamba hukujua kitu."

"Basi bonyeza."

Kidole cha Mama Pacha kilisimama juu ya kioo, kikakataa kushuka. Alikuwa analia sasa, waziwazi, kama mtoto. Shangazi akasogeza kiti karibu, akaushika ule mkono kwa mkono wake mkavu wenye sugu za mkasi, na kwa kuwa hakuona maandishi, akauliza taratibu, "Wapi? Hapa?"

"Hapo."

Akaushusha. Kishikwambi kikatoa mlio mdogo, kikamshukuru mwalimu kwa majibu yake ya kweli.